Kabla hujakubali uvimbe wa ini uunguzwe: yaliyompata dada yangu na maswali ambayo hatukuyauliza

#1 Mwanzisha uzi (Mtwara mjini)

Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini, kwetu hasa ni Tandahimba. Msimu huu wa korosho watu watatu wasiojuana wamenipigia simu na habari moja: mzazi au mke amepimwa altrasaundi, ameonekana na uvimbe kwenye ini, ameambiwa si saratani, halafu kuna mtu akamwambia uvimbe wa namna hiyo siku hizi unaunguzwa kwa sindano ya moto, hakuna kisu, keshokutwa mtu yupo kwake. Wote wanauliza: "Ni salama?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua dada yangu alifanyiwa.

Jibu langu limezidi urefu wa simu, ndiyo maana naandika. Mimi si daktari. Nilikaa pembeni ya kitanda siku 11, nikasoma kila karatasi ya faili, nikawauliza manesi na madaktari mpaka wakanizoea, na tangu hapo sijaacha kusoma.

Dada alikuwa na miaka 44. Alikwenda kupima kwa sababu ya uzito chini ya mbavu za kulia, hasa akiinama kuokota korosho. Altrasaundi ikaonyesha kitu cheupe upande wa kulia wa ini, sentimita 11. Kipimo cha CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani vipande vipande, kikasema hemanjioma. Hilo ni fundo la mishipa ya damu iliyosukana, ndio uvimbe wa ini usio saratani unaopatikana zaidi kuliko mwingine wowote, na wanawake wanao zaidi ya wanaume. Wengi huzeeka nao na kufa kwa mambo mengine bila kujua kama walikuwa nao.

Hospitali tuliyokwenda iko nje ya mikoa yetu hii ya Kusini, sitaitaja. Tuliambiwa wataingiza sindano ubavuni, wataunguza uvimbe, siku ya pili tunaondoka. Malipo ya korosho yalikuwa yameingia, mjomba akasema pesa ipo na ugonjwa upo, tunangoja nini. Tukasaini.

Jioni ya siku ile ile mkojo wake ulitoka rangi ya juisi ya rozela. Nilidhani ni kichocho alichokuwa nacho utotoni kimerudi, na ndivyo nilivyomwambia nesi. Nesi aliangalia mfuko wa mkojo mara moja tu, akatoka mbio kumwita daktari. Usiku ule aliwekewa dripu juu ya dripu, wakipima mkojo kila saa. Kufikia siku ya tatu vipimo vya figo vilikuwa vimepanda, macho yake ya njano, anapumua kwa shida kidogo. Tulikuwa tukijadiliana kama apelekwe kusafishwa damu. Mungu saidia hakufika huko: siku ya tano mkojo ukaanza kung'aa, siku ya 11 tukaruhusiwa. Leo ni mzima, yupo shambani.

Kwa nini ilitokea? Daktari mmoja kijana alinichorea nyuma ya karatasi ya chati. Uvimbe ule umejaa damu. Ukiuchemsha, unachemsha na damu iliyomo, na chembe nyekundu zinapasuka kwa mamilioni. Rangi iliyokuwa ndani yake inamwagika kwenye mzunguko wa damu, inakwenda kwenye figo, na figo zinashindwa kuichuja yote. Uvimbe ukiwa mkubwa, na moto ukikaa muda mrefu, damu inayopasuka ni nyingi zaidi. Kwa hemanjioma kubwa, hasa za kuanzia sentimita 10, jambo hili linajulikana kabisa. Si ajali ya kushangaza. Ndiyo sababu nina uchungu: lilikuwa likijulikana, na hakuna aliyelitamka mbele yetu kabla ya kusaini.

Kwa hiyo wakuu, swali la "ni salama?" linakuja la pili. La kwanza ni: uvimbe huu unahitaji kuguswa? Mwenye saratani akikubali hatari ya moto, anailinganisha na saratani. Mwenye hemanjioma isiyomsumbua anailinganisha na nini? Na kitu ambacho kingekaa naye kimya mpaka uzeeni.

Nimalizie na takwimu, maana watu hutajiwa asilimia. Mwaka 2003 madaktari wa Italia walitoa hesabu ya vituo 41, wagonjwa 2,320 waliounguzwa uvimbe wa ini kwa mawimbi ya redio. Waliofariki walikuwa 6, asilimia 0.3. Waliopata madhara makubwa ni kama 2 katika kila 100. Namba nzuri. Lakini wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani, na saratani inayoteuliwa kuunguzwa kwa kawaida ni ndogo. Usichukue namba ya mtu mwenye uvimbe wa sentimita 3 ukamvalisha dada yangu mwenye 11.

#2 Mchangiaji (Masasi)

Pole sana mkuu, na pole kwa dada. Swali la haraka: hiyo sindano ya moto ni moto wa namna gani? Mzee wangu anaogopa akisikia umeme.

#3 Mchangiaji, fundi wa picha za eksirei na CT (Mtwara)

Nimjibu ndugu wa Masasi, maana picha ndiyo kazi yangu. Mgonjwa hulala, huwekewa usingizi au nusu kaputi, na sindano inaongozwa kwa altrasaundi au CT mpaka ifike katikati ya uvimbe. Kuna njia mbili zinazotumika zaidi. Ya mawimbi ya redio inapitisha mkondo wa umeme unaogeuka geuka mara laki nne hadi laki tano kwa sekunde. Chembe zenye chaji ndani ya nyama zinatikisika, zinasuguana, joto linapanda. Kuanzia nyuzi 60 nyama inaiva karibu papo hapo. Ikizidi 100 inakauka na kuwa mkaa pembeni ya sindano, na mkaa haupitishi umeme, kwa hiyo moto mkali kupita kiasi unajizuia wenyewe.

Njia hiyo inahitaji bamba za kurudishia umeme, hubandikwa mapajani. Zikibandikwa vibaya, au upande mmoja ukaachia, ngozi inaungua pale. Mzee mwenye betri ya moyo aseme mapema kabisa. Ya pili ni ya maikrowevu, haihitaji bamba, inapasha haraka na kufika joto kubwa zaidi, na haipoozwi sana na mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani. Kwa mawimbi ya redio mshipa mkubwa ukipita karibu unabeba joto kama maji ya mto yanavyopoza jiwe, sehemu ile inabaki mbichi.

Na majirani wa ini ni muhimu kuliko mashine. Uvimbe ulio katikati ya nyama ya ini ni jambo moja. Ulio juu kabisa unagusa kiwambo na pafu, mgonjwa anaweza kubaki na maji kifuani au hewa. Ulio chini unagusa utumbo mpana, tumbo, kifuko cha nyongo. Utumbo ukitobolewa na joto haionekani siku hiyo, inakuja kuonekana siku kadhaa baadaye tumbo limekuwa gumu kama ubao. Ulio karibu na lango la ini unahatarisha mirija mikubwa ya nyongo, na mrija uliokazwa na kovu ni taabu ya miaka. Mtaalamu mzuri anaweza kumimina maji kutenganisha ini na utumbo kabla ya kuwasha. Kwa mawimbi ya redio anatumia maji ya sukari ya asilimia 5, hatumii ya chumvi, kwa kuwa chumvi ingepitisha umeme.

Kwa hemanjioma kuna jambo jingine la kuvuja damu. Sindano haitakiwi kuingia moja kwa moja kwenye uvimbe kutoka nje. Inapita kwanza kwenye nyama nzima ya ini, halafu wakati wa kutoka njia inaunguzwa polepole ili izibe. Muulizeni daktari wenu atapita wapi. Si utovu wa adabu kuuliza.

#4 Mchangiaji (Lindi)

Mimi nitoe ushuhuda wa upande wa pili, maana nikisoma hapa naona watu wataogopa hata kwenda kupima. Nilikuwa na hemanjioma ya sentimita 6, ilikuwa inakua. Picha ya mwaka wa nyuma ilikuwa 4 na ushee, na maumivu yalikuwa yananizuia kulala ubavu wa kulia. Nilifanyiwa, nikalala hospitali siku mbili. Homa ndogo na mwili kuchoka kwa siku nne, bega la kulia likiuma, basi. Mwaka wa pili sasa nalala upande wowote ninaotaka. Mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini usiwafungie watu mlango.

#5 Mwanzisha uzi

Dada wa Lindi, asante, na umenirekebisha ninapostahili. Yako ilikuwa inakua, ilikuwa inauma, na ilikuwa ya ukubwa ambao moto unauweza. Sababu zote tatu zipo. Ningekuwa kaka yako ningekusindikiza mwenyewe.

Hiyo homa ndogo na uchovu uliopata vina jina lake kwa madaktari, ni kundi la dalili za baada ya kuunguzwa. Mwili unasafisha nyama iliyokufa. Huanza ndani ya siku chache za mwanzo na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja, wengine hadi siku 10. Hiyo haitishi. Nililowaambia wale watatu kwenye simu ni kwamba wajue ipi ni homa ya kawaida na ipi si ya kawaida. Mwenye uzoefu wa hilo aseme, sisi hatukulipata.

#6 Mchangiaji (Nachingwea)

Sisi tulilipata. Shangazi yangu aliunguzwa, akarudi nyumbani vizuri, akapika mwenyewe. Wiki ya tatu akaanza kutetemeka usiku, homa juu, jasho. Huku kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipimo kikasoma hana, akapewa dawa ya mseto hivyo hivyo. Siku nne zikapita. Hakuna mtu kwenye zahanati aliyejua kama aliunguzwa ini, maana hatukusema, tuliona ni habari ya zamani na kidonda cha sindano kimeshapona. Binti yake ndiye aliyeonyesha kovu. Altrasaundi ikaona jipu, usaha umejaa pale pale palipounguzwa. Akawekewa mpira wa kutolea usaha na dawa za sindano wiki mbili. Alipona, ila alibaki mifupa.

Walitueleza baadaye kwamba shangazi alikuwa kwenye hatari zaidi ya wengine kwa sababu zamani alifanyiwa upasuaji wa njia ya nyongo, ikaunganishwa na utumbo. Wadudu wa tumboni wanapanda kwenye ini kwa njia ile na kukuta nyama iliyokufa. Tungejua, tungelitaja siku ya kwanza.

#7 Mwanzisha uzi

Shangazi wa Nachingwea amebeba hoja ambayo sisi watu wa Kusini tunapaswa kuiangalia kuliko mtu wa Dar. Jipu, utumbo kutoboka, damu kuvuja taratibu, haya hayaji yote mezani. Mengine yanakuja ukiwa umeshapanda basi. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na barabara ni moja. Mnakumbuka Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, pale Somanga palivyokatika na magari yakalala njiani. Mtu aliyeunguzwa ini angekuwa ndani ya basi lile ingekuwaje?

Kwa hiyo ushauri wangu wa nyumbani kwa nyumbani. Ukifanyiwa mbali, usikimbilie kijijini. Kaa kwa ndugu karibu na hospitali wiki ya kwanza, hata kama unaona aibu kulala sebuleni kwa watu. Ondoka na barua inayosema kilichofanyika, ukubwa wa uvimbe, upande gani wa ini, mashine gani, na namba ya simu ya wodi. Barua hiyo ikae kwenye pochi. Ukipata homa ya kutetemeka, au homa inayopita wiki mbili, au macho ya njano, mkojo mwekundu, tumbo gumu, kizunguzungu cha ghafla na jasho baridi, usiishie kwenye kipimo cha malaria. Mwambie mhudumu sentensi moja: "Niliunguzwa uvimbe wa ini tarehe fulani." Halafu omba rufaa ya altrasaundi siku hiyo hiyo. Hospitali ya Ligula hapa Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mikindani, popote palipo karibu.

#8 Mchangiaji (Newala)

Shikamoo wakubwa. Mama yangu ana miaka 52, altrasaundi imeonyesha kitu cheupe cha sentimita 4, haumwi chochote, kimeonekana tu alipokuwa anapimwa mawe ya nyongo. Baba ameshauza tani nzima ya korosho, anasema twende tukaunguze kabla hakijageuka saratani. Tufanyeje?

#9 Fundi wa picha (Mtwara)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza jueni ni kitu gani. Neno "uvimbe usio saratani" linabeba vitu vitatu tofauti kabisa. Hemanjioma haigeuki saratani. Mwambie baba hivyo, kwa herufi kubwa. Kuna ule unaoitwa kwa kifupi FNH, una kovu katikati kama kitovu cha chungwa. Nao haugeuki, kwa kawaida unaachwa. Wa tatu ni adenoma, na huyo ndiye wa kuangaliwa. Unahusiana na vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni na dawa za kujenga misuli. Ukizidi sentimita 5 unaweza kupasuka na kuvuja damu, na baadhi hugeuka saratani. Mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya wa 2016 unasema mwanamke aache vidonge kwanza, aangaliwe baada ya miezi 6. Ukibaki mkubwa au ukikua, upasuaji. Mwanaume mwenye adenoma anashauriwa upasuaji bila kujali ukubwa. Moto kwa adenoma unafaa wale wadogo, au mtu asiyeweza kupasuliwa.

Altrasaundi peke yake haitoshi kutofautisha kwa uhakika. Omba CT yenye dawa ya kung'arisha, awamu tatu, yaani picha zipigwe mara tatu dawa ikiendelea kupita kwenye ini. Usikubali kulipia CT kavu isiyo na dawa, utarudia. Hemanjioma ina tabia yake: dawa inaanza kung'aa pembeni kama madoa, halafu inajaza polepole kuelekea katikati. Ukiiona mara moja huisahau. Pia apime homa ya ini B. Akiwa nayo, au ini lake likiwa na makovu, uvimbe wowote uchunguzwe kama wa mashaka mpaka uthibitishwe, hata ukionekana mweupe na mpole. Kwetu huku virusi hivyo viko vingi mno kwa mtu kubahatisha.

#10 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu wa Newala, nikuongezee yale ambayo sisi hatukuyauliza, ili baba ayabebe mfukoni. Uvimbe huu una jina gani, na jina hilo limetoka kwenye kipimo kipi? Nikiuacha, nini kitatokea? Ukilazimika kuguswa, kwa nini moto na si kisu, au kuziba mshipa unaoulisha? Kwa ule mkubwa, mtaugawa kwenye vikao viwili? Mtaanza kunipa maji saa ngapi, na nani ataangalia mkojo wangu usiku? Mmeshafanya wangapi wenye ukubwa kama wangu, na wangapi walipata shida? Figo zikigoma, mashine ya kusafisha damu iko hapa au tunahamishwa?

Mtu asiseme kwamba huku kwetu hakuna wa kuuliza. Fani ya madaktari wanaotibu kwa kuongozwa na picha imeanza kusimama nchini. Timu za kufundisha, wakiwamo madaktari wa Yale kutoka Marekani, zilianza kuja Muhimbili mwaka 2018. Ukipewa rufaa, dai kuonana na daktari wa ini pamoja na daktari wa picha, wakae meza moja. Dada yangu alionwa na aliyeshika sindano peke yake.

Na dawa za asili, tafadhali. Mtu akishasikia ini anapewa mizizi ya kila aina. Mzee mmoja alimletea dada kikombe wodini siku ya pili, figo zikiwa katikati ya vita. Nilimshukuru nikakimwaga. Kama mgonjwa ameshakunywa, mwambieni daktari. Vile vile aspirini na dawa za kulainisha damu, zisimamishwe kwa maelekezo yake.

#11 Mchangiaji (Masasi)

Mkuu, dada bado anao? Uliisha kabisa?

#12 Mwanzisha uzi

Haukuisha wote. CT ya baada ya mwezi mmoja ilionyesha sehemu kubwa imekufa, pembeni mwa mshipa mkubwa pamebaki kipande kibichi, kama fundi alivyoeleza. Picha za miezi 3 na 6 zilionyesha kovu linasinyaa. Ule uzito chini ya mbavu umepungua sana, na daktari mpya anasema kwa hemanjioma si lazima uishe wote, ilimradi dalili zimeondoka. Hatutaunguza tena. Niliwahi kumuuliza dada kama angerudi nyuma angefanya. Alifikiri muda mrefu, akasema angefanya, kwa sababu ulikuwa unamuumiza kweli, ila angetaka kuujua ule mkojo kabla ya kuuona.

#13 Mchangiaji (Newala)

Narudi na mrejesho, wiki tano zimepita. CT ya awamu tatu imefanyika, dawa ilianzia pembeni ikaenda katikati vile vile fundi alivyosema. Hemanjioma. Homa ya ini B hana. Daktari amesema hatuunguzi kitu, na kwa picha ya wazi namna hii wengine hawadai hata marudio, ila yeye anataka altrasaundi moja baada ya mwaka ili baba alale usingizi. Baba aliuliza maswali yote ya kaka, alikuwa ameyaandika nyuma ya risiti ya AMCOS, chama chetu cha ushirika. Pesa ya tani ile tumeezekea nyumba upande wa jikoni. Mama ameshaanza kupalilia.